Nyumba Baridi, Bili ya Moto: Kutatua Ugomvi wa Mpangaji na Mwenye Nyumba Kuhusu Joto la Nyumbani

Malalamiko yenyewe huwa mawili tu. Mpangaji anasema nyumba ni friji. Mwenye nyumba anasema mpangaji anachoma gesi kama mtu asiyejua inalipiwa. Kila mmoja ana ushahidi: huyu ana blanketi mabegani, yule ana bili mkononi. Na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Kinachowapotosha ni kwamba baridi ile ile, au bili ile ile, inaweza kuwa imetoka sehemu nne tofauti: kwenye mtambo wa kupasha joto, kwenye nyumba yenyewe, kwenye matumizi, au kwenye mkataba. Mtambo ni kazi ya fundi. Nyumba inayovujisha joto ni kazi ya mfuko wa mwenye nyumba. Matumizi ni kazi ya mpangaji. Mkataba mbovu hauna fundi. Unataka watu wawili wakae chini. Ukikosea chanzo, utaandika barua kali kuhusu mabomba kumbe tatizo ni kochi lako. Habari ya kochi inakuja.

Pima kwanza, lalamika baadaye

Tafuta kipimajoto cha kawaida. Kiweke katikati ya chumba, kama mita moja kutoka sakafuni, mbali na dirisha, rejeta (lile bamba la ukutani linalopashwa na maji ya moto), jua na mgongo wa televisheni. Kwa wiki moja andika mara tatu kwa siku: unapoamka, jioni, na unapokwenda kulala. Kando ya kila namba andika joto la nje na hita ilikuwa imewekwa kiwango gani.

Joto la nje ndilo watu husahau, na ndilo linaloongea zaidi. Sebule yenye nyuzi 16 wakati nje kuna nyuzi 10 ina mtambo usiofanya kazi, au uliozimwa. Sebule yenye nyuzi 16 wakati nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, huku rejeta zote zikiunguza mkono, ina mtambo unaojitahidi kwa nguvu zake zote. Ama mtambo ni mdogo kwa nyumba hiyo, ama joto linatoka kwenye kuta na madirisha haraka kuliko linavyoingia. Namba ni ile ile, lakini barua utakazoandika ni mbili tofauti kabisa.

Kisha tafuta kigezo cha kulinganisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa joto la ndani linalofaa kulinda afya ya watu kwa ujumla wakati wa baridi, likaongeza kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Hilo ni la afya. La sheria hubadilika kila unapovuka mpaka. Jiji la New York humtaka mwenye nyumba, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, afikishe nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku iwapo nje kumeshuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, yaani kama 13 za Selsiasi. Usiku ni nyuzi 62, kama 17 za Selsiasi, nje kuwe na hali yoyote. Ujerumani, mahakama kwa kawaida hutazamia sebule ifike nyuzi 20 hadi 22 mchana. Ufaransa inakwenda upande wa pili: kanuni zake za nishati zinaweka wastani wa nyuzi 19 kuwa kikomo cha juu cha kupasha joto makazi. Mpangaji anayedai nyuzi 23 kwa jazba Paris hana hoja. Yule anayedai 20 mchana wa Januari New York anayo.

Rejeta haipashi: isome kwa kiganja

Rejeta ya ukutani hueleza ugonjwa wake yenyewe. Washa hita, subiri nusu saa, weka kiganja juu halafu ushuke taratibu.

*Chini moto, juu baridi.* Hewa imenaswa ndani. Zima hita, iache ipoe, kinga kitambaa, kisha fungua skrubu ndogo iliyo ubavuni juu kwa kile kifunguo cha mraba, robo mzunguko tu. Itafoka kama nyoka, halafu yataanza matone, mara nyingi meusi. Hapo funga. Baada ya kazi angalia geji ya presha kwenye boila, yaani mtambo unaopasha maji ya rejeta: mifumo mingi ya nyumba moja hukaa kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa imepoa, na ukitoa hewa presha hushuka. Kama mnatumia boila moja jengo zima, mwambie msimamizi kabla ya kugusa chochote. Hili ni dogo, halistahili ugomvi. Lakini hewa ikirudi kila baada ya wiki mbili, kuna mahali mfumo unavuja au unaoza, na hapo ni zamu ya mwenye nyumba.

*Juu moto, chini baridi.* Ni matope: kutu nyeusi iliyojikusanya sakafuni mwa rejeta. Haitoki kwa kifunguo. Mfumo unahitaji kusukumwa maji na kusafishwa na fundi, kwa gharama ya mwenye mtambo. Ukiipiga picha kwa simu usiku huu haitaonyesha kitu. Andika tu ni rejeta zipi na baridi inafika kimo gani.

*Rejeta moja baridi kabisa, nyingine nzima.* Vali, kile kifungio cha kando ya rejeta kinachoruhusu maji ya moto kuingia, imekwama, hasa mwanzoni mwa msimu baada ya kukaa imefungwa miezi mingi. Ukifungua kile kichwa chenye namba utaona pini ndogo inayopaswa kubonyea na kurudi yenyewe. Igonge kidogo kwa ubao wa penseli. Usiivute kwa koleo hata siku moja: ikichomoka, maji ya moto yatakufuata na bili ya sakafu itakufuata nyuma yake.

*Za karibu na boila zinaunguza, za mwisho vuguvugu.* Maji yanachagua njia ya mkato. Fundi anatakiwa kuzibana kidogo zile za karibu ili za mbali zipate haki yao. Katika majengo ya ghorofa hiki ndicho chanzo cha jirani wa chini kufungua dirisha kwa joto huku wa juu amevaa koti. Wakilalamika kila mmoja kivyake, mwenye nyumba atawaona wote wasumbufu. Wakiandika barua moja yenye namba za nyumba zote mbili, fundi atajua pa kuanzia.

*Rejeta inapata moto vizuri, inapoa mapema, na chumba bado baridi.* Sasa ndiyo habari ya kochi. Ile vali yenye namba 1 hadi 5 haipimi nguvu ya moto. Inapima hewa iliyo karibu nayo, na namba ni joto unalolitaka: kwenye vali nyingi, 3 ni kama nyuzi 20. Ukiiziba kwa kochi au pazia zito, joto linajaa nyuma ya kochi, vali inaamini chumba kimeshiba, inafunga. Mpangaji anazungusha hadi 5, kochi linakaribia kuungua, yeye bado anatetemeka. Vuta kochi kiganja kimoja au viwili kutoka ukutani, kunja pazia lisifunike vali, rudisha kwenye 3, subiri saa mbili. Nimeona ugomvi wa miezi mitatu ukimalizika kwa kusogeza kochi, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Na 5 haipashi chumba haraka kuliko 3. Inachelewa tu kusimama.

Joto linashuka saa zile zile kila siku

Hapa daftari lako la namba linafanya kazi ambayo macho hayawezi. Niliwahi kupanga ghorofa ya juu, mwenye nyumba, mama wa makamo, akikaa chini. Boila moja, themostati moja (kile kidude cha ukutani kinachopima joto na kuwasha au kuzima boila), nayo ilikuwa kwenye ujia wake, hatua mbili kutoka mlango wa jikoni. Kila jioni, kuanzia kama saa moja, huku juu joto lilianguka kutoka nyuzi 20 hadi 16. Moyoni nilishaamua kwamba ananizimia hita kubana matumizi. Yeye, nilikuja kujua, alishaamua kwamba ninafungua madirisha.

Daftari lilionyesha kitu cha ajabu: Jumapili joto halikushuka. Jumapili mama hakuwa nyumbani jioni. Nikashuka na karatasi yangu.

"Shikamoo mama. Naomba nikuulize, saa moja jioni huwa unafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Si ninapika? Kwani unataka nikuwekee sahani?"

Alikuwa anawasha oveni, mlango wa jikoni wazi. Ujia ulipanda hadi nyuzi 22, themostati ikaona nyumba yote imepata joto, ikazima boila. Huku juu tukabaki na ubaridi wa saa mbili mpaka jikoni kupoe. Dawa ya kwanza haikuwa na gharama: kufunga mlango wa jikoni. Ya pili ilikuja mwezi uliofuata, fundi alipohamishia themostati sebuleni, mbali na oveni.

Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu, tafuta themostati iko wapi na inaona nini. Ikiwa juu ya rejeta, karibu na taa, kwenye jua la adhuhuri, au kwenye ukuta wenye bomba la maji moto, itadanganywa na kuzima mapema. Ikiwa karibu na mlango wa nje unaopitisha upepo, itawasha bila kukoma, na hapo anayelia ni mlipa bili.

Bili imeruka

Usianze na matumizi yako. Anza na karatasi. Je, usomaji wa mita ni halisi au ni makadirio? Bili za makadirio hulimbikiza deni kimya kimya, halafu mtu anaposoma mita kweli, miezi minne inadaiwa siku moja. Je, bei ya uniti imepanda? Je, ni idadi ile ile ya siku? Gawa uniti kwa siku ndipo ulinganishe na mwaka jana.

Halafu jaribu mita. Zima kila kitu kwenye swichi kuu ya nyumba yako, tazama mita kwa dakika kumi. Ikiendelea kuhesabu, kuna taa za ngazi, pampu ya jengo au chumba cha jirani kinachokula kwenye mita yako. Hilo si la kugombania mlangoni. Rekodi video fupi, mwandikie mwenye nyumba, omba fundi umeme aliyesajiliwa aje wote mkiwepo.

Mita ikiwa safi, piga hesabu ya hita. Hita ya umeme ya kilowati 2 ikiwaka kwa nguvu zote saa tano kwa siku hula uniti 10. Kwa mwezi ni 300. Mbili kama hizo, 600. Hakuna hita ya kuchomeka "inayookoa umeme" hapa, iwe ya mafuta, ya feni au ya kioo: uniti moja ya umeme hutoa uniti moja ya joto, basi. Pampu joto ndiyo tofauti, maana huhamisha joto la nje kuliingiza ndani, na kwa uniti moja ya umeme inaweza kuleta kama tatu za joto. Mwenye nyumba aliyeng'oa boila la gesi akampa mpangaji hita za kuchomeka, huku kodi ikibaki pale pale, amemhamishia mpangaji gharama kubwa bila kuisema. Liweke wazi hivyo kwenye mazungumzo, kwa hesabu, bila matusi.

Swali linaloleta kelele zaidi kwenye majengo yenye boila la pamoja ni hili: "Nilisafiri mwezi mzima, mbona nimetozwa joto?" Kwa sababu boila lilipasha maji, mabomba yalipoteza joto njiani, na jengo halikusafiri nawe. Ujerumani jambo hili limeandikwa: kanuni ya gharama za joto iliyoanza mwaka 1981 inataka asilimia 50 hadi 70 ya gharama igawanywe kwa matumizi ya kila mpangaji, na iliyobaki kwa kigezo kama ukubwa wa nyumba. Mwenye nyumba asipogawa kwa matumizi inapompasa, mpangaji anaruhusiwa kukata asilimia 15 ya sehemu yake. Mahali pengine hakuna kanuni ya namna hiyo na kila kitu kinategemea mkataba. Vile vidude vya plastiki vilivyobandikwa kwenye rejeta navyo vinaelewekaje? Havihesabu uniti za nishati. Vinahesabu hisa: rejeta yako imefanya kazi kiasi gani ukilinganisha na za wengine. Jirani zako wakibana sana, hisa zako zinaweza kuwa ghali zaidi hata kama hukubadilisha kitu.

Joto limo ndani ya kodi, na mwenye nyumba amefunga themostati

Ugomvi huu hauna mtambo mbovu wala mtu mbaya. Anayezungusha kitufe halipi, anayelipa hazungushi kitufe. Mpangaji akisikia joto hufungua dirisha badala ya kupunguza. Mwenye nyumba akiona bili huweka kisanduku chenye kufuli juu ya themostati, au siku hizi hushusha joto kwa simu akiwa mbali. Mimi ni mpangaji, lakini nakiri dirisha wazi juu ya rejeta ya moto ni kitu kigumu kukitetea.

Rekebisheni mkataba. Andikeni kiwango cha chini ambacho mwenye nyumba hatashusha chini yake, mchana na usiku, kisichopungua cha sheria ya mahali penu. Andikeni kiwango cha juu ambacho kodi inalipia. Kama mita inaruhusu, wekeni kikomo cha uniti kwa msimu, na ziada ilipwe na mpangaji kwa bei ya bili, bila faida juu yake. Aliyekubaliana kwa mdomo tu asishangae Februari ikifika. Kwa makadirio yanayotumika sana, kushusha nyuzi 1 hupunguza matumizi ya joto kwa kama asilimia 6, kwa hiyo kutoka 22 hadi 20 ni maelewano ambayo mfuko unayaona na mwili unayavumilia.

Kufuli juu ya themostati ni halali au si halali kwa kadiri joto lililo nyuma yake linavyotosha. Ukipima nyuzi 21 mfululizo, kisanduku kile kinakera tu. Ukipima 15, usigombane na kisanduku. Gombana na 15, maana hiyo ndiyo yenye sheria.

Ukungu: "Wewe hupashi," "Nyumba yako inavuja"

Hakuna dalili inayogombanisha kama madoa meusi ukutani, kwa sababu kila upande una jibu tayari. Ukuta wenyewe ndio shahidi. Soma mahali doa lilipo.

Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi kama mita moja, lenye mstari wa chumvi juu yake, ni unyevu wa ardhini. Doa linalokua baada ya mvua ni paa, mfereji wa maji au ufa. Doa la duara darini chini ya bafu la jirani ni bomba. Yote matatu ni ya mwenye nyumba, na hakuna kiasi cha kupasha joto kitakachoyaponya. Lakini madoa kwenye kona za kuta za nje, nyuma ya kabati na kuzunguka fremu za madirisha ni mvuke wa ndani uliogusa ukuta wa baridi. Hapo pande zote mbili zina sehemu.

Hesabu yake ni hii. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 12. Ukungu hausubiri hata maji: unyevu ukifika asilimia 80 pale pale juu ya ukuta unatosha, na kwa hewa hiyo hiyo ukuta wa nyuzi 15 tayari umefika huko. Punguza unyevu wa chumba uwe asilimia 50, na ukuta unaweza kupoa hadi karibu 13 kabla hatari haijaanza. Kwa hiyo nunua kipima unyevu, vingi vimo ndani ya kipimajoto kile kile, na siku ya baridi kali gusa kona kwa kipimo cha joto cha uso kama fundi anacho. Ukuta ukiwa nyuzi 10 wakati chumba kina 20 na unyevu 50, kosa ni la ukuta: hauna kizuia joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke. Ukuta ukiwa 16 na unyevu wa chumba ukawa 75, kosa ni la maisha ya ndani ya chumba.

Ya mpangaji ni haya: fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, badala ya kuacha dirisha moja nusu wazi kutwa likipoza ukuta. Washa feni ya bafuni na uiache iendelee baada ya kuoga. Nguo mbichi zikianikwa sebuleni hutoa lita kadhaa za maji hewani. Zianike kwenye chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi. Vuta kabati kutoka kwenye ukuta wa nje. Na usizime kabisa chumba cha kulala ukitegemea joto la sebule liingie: hewa ya sebuleni huja na mvuke wake, ikakutana na ukuta baridi kuliko wote nyumbani.

Ya mwenye nyumba: feni inayovuta kweli (karatasi ya chooni ishike kwenye matundu yake yenyewe), madirisha yanayofunguka, kuta zenye kizuia joto, na asiwe mwepesi wa kusema "ni mtindo wenu wa maisha." Neno hilo lina historia nzito. Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka miwili. Uchunguzi wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ulibaini kwamba kilitokana na kuishi muda mrefu ndani ya nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika kwa nyumba za kijamii za England (zile za kupangisha za halmashauri na mashirika ya makazi) tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ukiwa na mtoto mwenye pumu chumbani, liandike hilo kwenye mstari wa kwanza wa barua.

Hita imekufa na simu haipokelewi

Dakika tano za kujiangalia kwanza, kwa sababu fundi akija akakuta saa ya boila tu ndiyo imepotea baada ya umeme kukatika, gharama ya safari yake itakuwa ugomvi mpya. Angalia salio kama mita ni ya malipo ya kabla. Angalia sakiti breka. Angalia geji ya presha na namba ya hitilafu kwenye kioo cha boila, uipige picha. Kukiwa na baridi kali, bomba jembamba la plastiki linalotoa maji ya boila nje huweza kuganda. Maji ya uvuguvugu juu yake mara nyingi huliamsha. Usifungue kifuniko cha boila la gesi. Hiyo ni kazi ya mwenye leseni.

Kisha andika. Simu ni ya haraka, maandishi ni ya ushahidi, fanya yote mawili. Mfano:

"Habari za asubuhi, mzee. Hita haijawaka tangu jana, Jumanne, saa 2 usiku. Boila linaonyesha hitilafu hii kwenye picha, presha ni 0.3. Leo alfajiri sebuleni kulikuwa na nyuzi 13, nje nyuzi 1. Nyumbani kuna mtoto wa miezi saba. Nipo siku nzima leo na kesho fundi anaweza kuingia. Naomba unijulishe leo atakuja lini, na kama tunaweza kupata hita ya muda. Asante."

Hakuna kitisho hapo, na hakuna cha kukanusha. Asipojibu, barua ya pili hutaja sheria. England, kwa mfano, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba, kwa upangaji mwingi wa muda mfupi, atunze mitambo ya kupasha joto na maji moto. Baada ya hapo ni ofisi ya makazi ya jiji au halmashauri.

Kuzuia kodi ni kishawishi kikubwa na ndiko wapangaji wengi wenye haki hujiharibia. Ujerumani kodi hupungua kisheria nyumba inapokuwa na kasoro kubwa iliyoripotiwa. England hakuna ruhusa ya jumla ya kuacha kulipa, na deni hilo laweza kutumika kukutoa. Uliza mshauri wa wapangaji kabla, si baada.

Wakati mnasubiriana

Hita za kuchomeka zichomekwe ukutani moja kwa moja. Mbili za kilowati 2 kwenye waya mmoja wa kuongezea, kwa umeme wa volti 230, zinavuta zaidi ya ampea 17, na waya mwingi wa aina hiyo hautengenezwi kwa mzigo huo. Breka ikikatika kila mara, inakuokoa, usiibandike. Acha mita moja kati ya hita na pazia, kitanda au nguo.

Jiko la mkaa na jenereta visiingie ndani, hata kwa "dakika chache, dirisha wazi." Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Nyumba nzima ikiumwa kichwa na kichefuchefu, na wote wakapata nafuu wakitoka nje, au boila la gesi likiwaka mwali wa njano na kuacha masizi, tokeni nje kwanza, mkapige simu ya dharura mkiwa nje. Hilo haliwi suala la mpangaji na mwenye nyumba mpaka kila mtu awe salama.

Mabomba yamepasuka mpangaji akiwa safarini

Huu ndio ugomvi unaokula amana. Mwenye nyumba anasema ulizima kila kitu ukaondoka. Mpangaji anasema aliacha vali kwenye alama ya theluji. Alama hiyo hulinda kwenye nyuzi 6 au 7 za chumba, si bomba lililopita ndani ya ukuta wa nje au chini ya sinki lenye milango imefungwa. Kwa safari ya wiki wakati wa baridi acha nyuzi 12 au zaidi, fungua milango ya makabati yenye mabomba, na kama mwenye nyumba anakubali, funga vali kuu ya maji. Piga picha themostati ikionyesha namba, siku unayoondoka, na umtumie.

Ukirudi ukakuta bomba limeganda, funga vali kuu kabla ya jambo lolote, fungua bomba la sinki lililo karibu, kisha liyeyushe taratibu kuanzia upande wa bomba la sinki kwa taulo lililolowekwa maji ya uvuguvugu au kikausha nywele. Moto wa wazi usiguse. Kagua kila kiungo kwa tochi kabla ya kufungulia maji tena, na mpigie mwenye nyumba ukiwa bado umeshika tochi.